Fupi si Rahisi: Maoni ya Wasomaji Wetu Juu ya Vitabu Vyembamba

Tuliwaomba mtuletee maoni yenu juu ya vitabu vifupi vya Kiswahili na mikusanyiko ya hadithi fupi mliyoisoma. Maoni yamefika. Mengine yameandikwa kwenye karatasi za daftari, mengine tumeambiwa kwa mdomo tu nje ya darasa. Hatuna nafasi ya kuyachapa yote. Tumeonelea tuyajadili yale yanayogusa kazi yetu ya kila siku, yaani kufundisha Kiswahili hapa Juba, katika nchi iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na ambayo bado inatafuta vitabu vya kuwapa wasomaji wake wapya.

Maoni yaliyojirudia kuliko mengine ni kwamba kitabu kifupi ni kitabu rahisi. Wanafunzi wanayasema haya, na walimu pia. Mwalimu mmoja ameandika kwamba mwanafunzi wa mwaka wa kwanza apewe hadithi fupi, wa pili riwaya fupi, na riwaya ndefu ingoje. Ngazi hiyo inapendeza ukiitazama kwenye karatasi, lakini sisi hatukubaliani nayo. Wasomaji wale wale waliosema hadithi fupi ni rahisi ndio waliotuambia kwamba walimaliza Watoto wa Mama Ntilie ya Emmanuel Mbogo kwa siku chache, ilhali Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine waliiacha kwenye hadithi ya tatu au ya nne. Ikiwa fupi ni rahisi, kwa nini wameiacha?

Jibu letu ni hili. Msomaji anayesoma kwa lugha asiyoizoea hulipa ada kila anapoingia katika ulimwengu mpya wa kubuni. Lazima ajue nani ni nani, wako wapi, na mwandishi anapenda maneno gani. Katika riwaya fupi ada hiyo hulipwa mara moja. Ukishamjua Mama Ntilie na chakula chake cha kuuza, mumewe Lomolomo na pombe zake, na wanawe Peter na Zita waliorudishwa kutoka shuleni, kurasa zinazofuata zinakubeba zenyewe. Hata neno lenyewe "mama ntilie", ambalo ni la mitaa ya Tanzania, linaeleweka mapema hapa kwetu, kwa kuwa kila mtu Juba anawajua akina mama wauza chai na vyakula kandokando ya barabara. Lakini mkusanyiko una hadithi zaidi ya kumi, na kila hadithi inadai ada yake upya. Tena katika Tumbo Lisiloshiba, kitabu kilichohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa mwaka 2016, waandishi wametoka Zanzibar na wametoka Kenya, na Kiswahili chao hakifanani. Msomaji aliyeanza kuizoea sauti ya Said Ahmed Mohamed anaipoteza mara hadithi inapokwisha, anakutana na sauti ya mtu mwingine kabisa. Mwenyeji wa lugha huona raha katika mabadiliko hayo. Mgeni huona mlima juu ya mlima.

Hapo tumetaja idadi ya maneno tu. Iko pia sababu ya ndani ya fani. Hadithi fupi hueleza kidogo na kuacha mengi. Mfano mzuri ni "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany. Sara, msichana wa shule, amebakwa na amepata ujauzito. Sehemu kubwa ya yale anayoyaogopa kutoka kwa baba na kwa watu inapita kichwani mwake kabla ya kutokea, na mengine hayatokei kama alivyoyaogopa. Wasomaji wetu wawili walibishana vikali kama baba alimfukuza au hakumfukuza. Mmoja alikuwa amesoma hofu akadhani ni tukio. Kosa hilo si la uzembe. Msimulizi hakuweka kibao cha kusema "sasa tunaingia katika mawazo yake", na nyakati za vitenzi, ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza bado anapambana nazo, ndizo zinazobeba tofauti yote. Hadithi hiyo ni nzuri sana. Kuiita rahisi ni kumwonea mwanafunzi, na kumwonea mwandishi.

Tukumbuke pia kwamba wasomaji wa Juba hawakukifikia Kiswahili kwa njia moja. Wapo waliokulia Kakuma na sehemu nyingine za Kenya, wakafuata mtaala wa huko. Wapo waliokulia Uganda. Wapo waliosoma Khartoum kwa Kiarabu, na hawa mara nyingi ndio wanaoanza sifuri, au ndivyo inavyodhaniwa. Maoni yao ndiyo yaliyotufurahisha zaidi. Mmoja wao ametuuliza kwa nini tunaita masimulizi ya kubuni "hadithi", kwa maana kwa Kiarabu neno hilo kwanza linamletea mazungumzo, au maneno ya Mtume. Masimulizi mafupi yeye anayajua kwa neno ambalo kwa Kiswahili limekuwa "kisa". Swali hilo linastahili kipindi kizima darasani.

Msomaji huyo huyo alisoma Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu chembamba kilichochapwa mwaka 1951, na akasema kilikuwa chepesi kuliko hadithi zote za kisasa alizopewa. Walimu wengine wamelicheka jambo hili, kwani Kiswahili cha Shaaban Robert huhesabiwa kuwa kizito. Sisi hatukucheka. Kwanza, majina ya Karama, Fadhili, Ridhaa na Amini yanamfungukia mtu wa Kiarabu kabla hajafungua kamusi. Jina la mshitaki, Majivuno, ndilo lililomkwamisha, kwa kuwa hilo ni la Kibantu. Pili, tazama muundo wa kitabu chenyewe. Karama ameshitakiwa, na katika kujitetea anasimulia safari za wajumbe sita. Kwa hakika hivyo ni visa sita vilivyofungwa katika kisa kimoja, jinsi Alfu Lela U Lela ilivyofunga visa vyake katika usiku wa msimulizi mmoja. Msomaji anapata ufupi wa kila kisa bila kulipa ada upya, maana baraza ni lile lile, na swali la kama Karama atapona linamvuta mbele.

Muundo wa namna hii haukufia kwa wazee. Doreen Baingana wa Uganda alitoa mwaka 2005 mkusanyiko wake Tropical Fish, ambamo hadithi zote zinawazunguka dada watatu wa Entebbe. Hadithi iliyokipa kitabu hicho jina tunayo kwa Kiswahili, "Samaki wa Nchi za Joto", ndani ya Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine ya mwaka 2007, iliyohaririwa na Ken Walibora na Said Ahmed Mohamed. Wasomaji wetu waliokulia Uganda waliipenda, maana Makerere wanaijua na Christine wanamwona kama mtu waliyepishana naye njiani. Lakini walilalamika kwamba Christine "ametokea hewani". Ni kweli, na tunajua kwa nini. Katika kitabu cha asili ana nyumba, mama na dada. Katika mkusanyiko wa Kiswahili ameng'olewa peke yake akawekwa kati ya wageni. Ni jambo jema kwamba ametafsiriwa. Lingekuwa jema zaidi kama dada zake nao wangetafsiriwa.

Malalamiko ya pili ni kwamba hadithi fupi "imekatwa", "haikwisha", "mwandishi amechoka". Msomaji mmoja wa hadithi ya "Tumbo Lisiloshiba" anataka aambiwe lile Jitu linaloingia mkahawani kwa Mzee Mago na kumaliza kila kilichopikwa ni mtu, ni zimwi au ni serikali, na kama litakufa. Katika ngano za kwetu zimwi hufa, au hutapika walioliwa. Hapa halikutapika. Sisi tunaona msomaji huyu ameisoma hadithi vizuri kuliko aliyetuandikia kwa mkato kwamba "Jitu ni ishara ya mabepari". Huyu wa pili amelipata jibu katika kijitabu cha mwongozo. Yule wa kwanza ameona kwamba umbo la ngano limevunjwa mbele ya macho yake, naye anaishi katika mji ambao wakazi wake wameona vibanda vikibomolewa ili ardhi ichukuliwe. Anajua mwenyewe kwa nini zimwi halijafa.

Lakini Mgala muue na haki yake umpe. Ziko hadithi ambazo kweli zimekatwa, na wasomaji wasilazimishwe kuzisifu. Tukitaja moja, "Ndoto ya Mashaka" ya Ali Abdulla Ali inamchukua Mashaka tangu utoto wa yatima, ikampitisha katika ndoa ya kulazimishwa, watoto wengi, kazi ya ulinzi wa usiku na kuachwa na mke. Hayo ni mambo ya riwaya nzima, nayo yamebanwa katika kurasa chache mpaka dhiki moja haipati nafasi ya kutuuma kabla ya nyingine kufika. Msomaji aliyesema "nilikuwa nakimbia" amehakiki barabara, ingawa hakutumia istilahi yoyote ya uhakiki.

Wale waliosoma Kenya wana maoni ya aina yao. Wengi wameijua hadithi fupi kama sehemu ya karatasi ya tatu ya mtihani wa kidato cha nne, na wanaizungumzia kwa orodha: maudhui, wahusika, mbinu za lugha. Mwanafunzi mmoja alituorodheshea dhamira za hadithi ambayo baadaye ilidhihirika hakuisoma hata ukurasa mmoja. Hatumlaumu sana. Mkusanyiko wa mtihani huchaguliwa ili kila tatizo la jamii lipate hadithi yake: ufisadi wake, ndoa za mapema zake, elimu yake. Kitabu cha namna hiyo chenyewe kinakaribisha orodha. Tukikileta Juba jinsi kilivyo, tutaleta pia mazoea yake ya kusomwa, na vitabu vya Kiswahili ni vichache mno hapa kwetu kwa nakala zake kuishia kuwa karatasi za mtihani wa nchi nyingine.

Kwa hiyo pendekezo letu kwa walimu wenzetu ni kuigeuza ile ngazi. Mwaka wa kwanza aanze na riwaya fupi kama Watoto wa Mama Ntilie, aizoee sauti moja mpaka mwisho. Mwenye Kiarabu asinyimwe Kusadikika eti kwa sababu ni ya zamani. Hadithi fupi zije baadaye, tena kwa mwandishi mmoja mmoja. Mkusanyiko wa Said Ahmed Mohamed peke yake, kwa mfano Arusi ya Buldoza, utamfaa mwanafunzi kuliko kitabu chenye waandishi kumi na sauti kumi.

Limebaki swali tuliloulizwa na karibu wote: ziko wapi hadithi fupi za watu wa hapa? Taban lo Liyong, aliyelalamikia ukame wa fasihi ya Afrika Mashariki mwaka 1965 na baadaye akafundisha katika Chuo Kikuu cha Juba, alitoa Fixions mwaka 1969, nayo ni ya Kiingereza. Stella Gaitano, mzaliwa wa Khartoum, anaandika kwa Kiarabu. Darasa letu lina watu wanaosoma Kiarabu kwa raha na Kiswahili kwa jasho, na wengine kinyume chake. Tumewaweka wawili wawili na kuwapa kazi ya kutafsiri hadithi moja ya Gaitano moja kwa moja kutoka Kiarabu, bila kupitia Kiingereza.

Wamekwama kwenye jina la mkusanyiko wake wa kwanza, Zuhur Dhabila. Neno la kwanza halikuwasumbua, ni maua, ingawa mmoja wa Kakuma alidhani ni Zuhura ile nyota, na kwa asili ya neno hakuwa mbali. La pili ndilo lenye ugomvi. Kundi moja linasema "yaliyonyauka", kwa maana ni jua lililoyaua. La pili linasema "yaliyosinyaa", kwa maana bado hayajafa. La tatu lilileta "yaliyofifia", tukalikataa, kwa sababu kinachofifia ni rangi. Wiki ijayo watasoma hadithi yenyewe mpaka mwisho, ndipo wapige kura.