Hesabu Zinazopambana na Malaria

Mwaka 1897, akiwa India, daktari Ronald Ross aligundua vimelea vya malaria ndani ya mbu. Hakuishia kwenye hadubini. Kufikia 1911 milinganyo yake ilionyesha kwamba si lazima kuangamiza mbu wote: wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe.



Miaka ya 1950, mtaalamu wa malaria George Macdonald aliiendeleza kazi hiyo ya Ross. Kimelea huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani ya mbu, hivyo kufupisha maisha ya mbu mpevu hukata maambukizi kwa kasi kubwa. Ndiyo nguvu ya chandarua chenye dawa.

Watafiti wa malaria wa Ifakara, Tanzania, na Kilifi, Kenya, wanaendelea kuzitumia hesabu hizo. Vyuo vyetu viwafungulie vijana wa hisabati milango ya maabara.