Neno "Msonge" na Matumizi Yake

Katika insha za wanafunzi wetu neno "msonge" hutumiwa mara nyingi kwa kila nyumba ya kienyeji, hata kwa tembe ya Wagogo, ambayo paa lake ni bapa na limefunikwa kwa udongo. Matumizi hayo ni kosa. Msonge ni umbo: ukuta wa mviringo, na juu yake paa lililochongoka mfano wa pia iliyopinduliwa. Nyasi na fito si sharti la neno; msonge wa matofali ni msonge vile vile.

Aliyekulia pwani, penye mapaa ya makuti na vipaa vyake, huenda asione uzito wa jambo hili. Na aende Bariadi, katika mkoa wa Simiyu uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Kaya ya Msukuma wa zamani ilikuwa na misonge yake pamoja na zizi la ng'ombe. Siku hizi nyumba nyingi huko ni za pembe nne, na sababu kubwa ni bati: ni kipande kilichonyooka, na kulikata lifuate mviringo ni kupoteza mali. Basi mwandishi anayeandika "msonge" akimaanisha kibanda kibovu amemdhulumu fundi aliyejua kuzikutanisha fito zote kwenye ncha moja. Yafaa aseme kwa ukamilifu, "nyumba ya msonge". Neno banda tumekwisha kuwaachia kuku.