Uliza Zabibu Zilichumwa Lini

Ukishika chupa ya mvinyo wa Dodoma, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza zabibu zake zilichumwa msimu gani. Huku uwanda wa kati mzabibu haupati baridi ya kuulaza kama Ulaya. Mkulima akishapogoa, unachipua upya, na shamba moja huzaa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza ni Februari na Machi, mvua ingali inanyesha. Ya pili ni Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu. Zabibu za wakati wa mvua hujaa maji, sukari hupungua na ukungu huvizia vichala. Za kiangazi hukolea. Nikitafuta chupa ya kuweka, natafuta ya kiangazi, na muuzaji asiyejua kunijibu hanishawishi kwa maelezo mengine.

Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kiitaliano waliopanda Bihawana miaka ya 1950, na leo kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) cha Makutupora ndicho kinachotafiti mbegu zake. Aina mbili ndizo zilizotawala mashamba: Makutupora Red kwa mvinyo mwekundu na Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa, kwa mweupe. Hombolo nako, kampuni ya CETAWICO iliyoanzishwa na Waitaliano ilileta mbegu za kwao, mojawapo ikiwa Aglianico, zabibu nyekundu ya kusini mwa Italia. Nitairudia, maana ndiyo inayonipa hamu kubwa.

Kupima mvinyo mwekundu, mimina theluthi ya glasi, iinamishe juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo wake. Mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau. Kadiri unavyozeeka ukingo hugeuka kuwa wa rangi ya matofali. Ukiona kahawia kwenye mvinyo wa mwaka jana, ujue hewa au joto limeshaingia. Kisha nusa kabla hujatikisa. Harufu ya siki, ya boksi lililolowa au ya jamu iliyopikwa haiondoki hata ukiusubiri, rudisha chupa. Harufu kali ya kiberiti, kwa upande mwingine, mara nyingi hutoweka glasi ikipata hewa dakika chache, kwa hiyo usiwe mwepesi wa kuhukumu.

Mdomoni ndiko kwenye kazi. Tafuta ugwadu kwanza, yaani ule ukali wa tunda unaoleta mate pembeni mwa ulimi. Nchi yetu ina jua kali, na zabibu zikichelewa kuchumwa ugwadu hupotea huku sukari ikipanda. Mvinyo hubaki mzito, wenye pombe nyingi na usio na uhai. Baada ya hapo sikiliza ukakasi. Ule wa mvinyo mwekundu mzuri hukaza ufizi kidogo ukaachia. Ule mbaya hung'ang'ania kama umeuma bibo bichi. Mwisho meza, uhesabu moyoni ladha inakaa muda gani. Ukifika kumi nayo bado ipo, una kitu cha maana.

Wengi wetu tuliujua mvinyo wa Dodoma kwa utamu. Dompo, mvinyo mtamu wa huko, ina wapenzi wake nchi nzima na inastahili nafasi yake mwisho wa chakula. Lakini utamu hufunika kasoro nyingi. Ukitaka kujua uwezo wa mtengenezaji, onja Makutupora Red yake isiyo na sukari. Hapo hana pa kujificha. Mweupe wa Chenin nao uwe angavu, wenye ugwadu uliosimama, unaoweza kukabili perege wa bwawa la Mtera aliyekaangwa na kukamuliwa ndimu. Ukilegea mbele ya samaki huyo, ni dhaifu.

Kuhusu kuweka, nasema wazi: mvinyo mwingi wa Dodoma haukutengenezwa ili usubiri. Chenin inywe ndani ya miaka miwili, Makutupora Red ndani ya mitatu. Aglianico ndiyo ya kuvumilia, kwa sababu ina ukakasi na ugwadu vyote kwa wingi. Kule Campania, Italia, mvinyo wa Taurasi unaotokana na zabibu hiyo hauruhusiwi kuuzwa kabla ya miaka mitatu, na chupa nzuri huendelea kupata sura mpya kwa miaka kumi na zaidi. Ya Hombolo ningeipa mitano, mradi itunzwe.

Na kutunza ndiko tunakokosea. Mvinyo unataka nyuzi 12 hadi 15, giza na utulivu. Chupa iliyosimama dirishani dukani, jua la saa nane likiipiga, imeshakufa hata kama kizibo hakijaguswa. Nyumbani tafuta chumba cha ndani kisicho na ukuta wa magharibi. Tembe za Wagogo, zenye kuta nene na paa la udongo, zinafaa kuliko nyumba nyingi za bati. Chupa ya kizibo cha gome ilazwe, ya kifuniko cha kuzungusha inaweza kusimama. Mwekundu nao uingie kwenye friji nusu saa kabla ya kumimina, kwani joto la chumba la Dodoma ni kubwa mno kwake.

Ombi langu kwa watengenezaji ni dogo: pamoja na mwaka, andikeni kwenye lebo mwezi zabibu zilipochumwa. Mnywaji akijua, atalipia chupa ya kiangazi bei yake halali, na mkulima aliyesubiri hadi Septemba atapata haki yake.