Programu isiyojua saa ya Lubumbashi, iseme

Kila mtu huku anajua: Kinshasa ikiwa saa tano, Lubumbashi ni saa sita. Inchi moja, saa mbili. Kwa kompyuta pia tuko na majina mawili tu: Africa/Kinshasa na Africa/Lubumbashi. Hakuna Africa/Likasi, hakuna Africa/Kolwezi. Sasa andika Africa/Likasi kwa kusudi mu mipangilio ya programu yako, uone maktaba za kodi unazotumia zitakujibu nini. Hapo njo utajua ipi inakuheshimu.

Nianze na jibu baya kuliko yote. Kwenye Linux, weka TZ=Africa/Likasi, kisha ita amri ya date. Hailalamiki hata kidogo. Inakupa saa ya UTC, nyuma ya yetu kwa saa mbili, na pembeni inaandika neno «Africa» kama vile ni jina la saa yenyewe. Ukitazama haraka unasema: Africa, iko sawa, tuendelee. Jamani! Maktaba ya glibc haikupata jina lile, ikaangukia UTC bila kuambia mtu.

PHP nayo? Ukiipa date_default_timezone_set jina lisilokuwepo, inarudisha false na taarifa ndogo, programu inaendelea. Na kwenye seva ya kazi wengi wetu tunazima hizo taarifa. Zamani, ukisahau kuweka saa kabisa, PHP 5.3 ilikusumbua kwa onyo kila mara. Kuanzia PHP 7.0, mwaka 2015, onyo hilo likatolewa: sasa ni UTC, kimya. Naelewa sababu, maana onyo linalorudi kila dakika hakuna anayelisoma. Lakini walipaswa kulisema vizuri zaidi, si kulifuta.

Mtaniambia UTC ni salama. Kuhifadhi saa kwa UTC, sawa kabisa. Shida ni UTC ambayo hakuna mtu aliyeichagua. Tuseme famasi ya zamu ku Annexe, wauzaji wanapokezana saa sita ya usiku. Mama anakuja kununua dawa ya mtoto saa saba ya usiku (1:00), tarehe 2. Programu inaandika saa tano ya usiku (23:00), tarehe 1. Asubuhi patron anafunga hesabu: yule aliyeondoka saa sita anaonekana ameuza zaidi ya feza aliyoacha mu kasha. Ataitwa mwizi. Nani atamwamini yeye na kukataa kompyuta?

Python ilifanya vizuri zaidi, lakini nusu. Moduli ya zoneinfo, iliyokuja na Python 3.9 mwaka 2020, inasimama palepale na kutaja jina ililokataa. Bravo. Ila Windows haina hazina ya saa ambayo Python inaitafuta, kwa hiyo bila kifurushi cha tzdata hata Africa/Lubumbashi iliyoandikwa sawasawa inakataliwa, na mstari wa mwisho ni uleule: hakuna saa yenye jina hili. Ukweli, kwamba tzdata haipo, umefichwa juu, katikati ya mistari mingi. Mwanafunzi atapoteza nusu siku akirekebisha jina ambalo halina kosa.

Si kila kosa linaomba programu isimame. SLF4J ya Java isipopata chombo cha kuandika kumbukumbu, inasema mara moja mwanzoni, inakupa anwani ya ukurasa wa maelezo, kisha inaendelea bila kumbukumbu. Ni haki yake, juu hapo hakuna bei wala tarehe ya mteja iliyobadilika. Saa ya mauzo ni kitu kingine. Hapo maktaba isimame kabla ya mauzo ya kwanza, iseme imesoma neno gani, na mu faili gani.

Bale mnaotayarisha mémoire yenye programu ya kasha au ya hospitali, wekeni Africa/Likasi leo, kabla jury haijaiweka.