Rangi Tatu na Dhoruba ya Ziwa Kivu: Tathmini ya Dhana ya Upungufu wa Rangi

Katika taswira za utalii zilizozoeleka mjini Kigali, Ziwa Kivu huwa tulivu na machweo yake hung'aa kwa rangi nyingi. Kivu ya dhoruba, mawingu yanaposhuka kutoka milima ya Kongo na kukifunika kisiwa cha Idjwi, ni suala jingine. Makala haya yanatathmini uchoraji wa mandhari hiyo kwa rangi za maji tatu tu, na yanapinga dhana kwamba uchache wa rangi ni upungufu wa sanaa.

Dhana hiyo ina mwenzake katika isimu. Mwaka 1969, Brent Berlin na Paul Kay walidai kuwa msamiati wa rangi hukua kwa hatua saba. Lugha yenye nyeupe, nyeusi na nyekundu pekee huwekwa hatua ya pili. Vivumishi asilia vya rangi vinavyopatanishwa na nomino katika Kiswahili ni hivyo vitatu: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine huitwa kwa vitu: kijani kwa jani, kahawia kwa kahawa, kijivu kwa jivu. Huo si upungufu; ni utaratibu wa kuunda kingi kutokana na kichache.

Imigongo, sanaa ya wanawake wa Gisaka, mashariki mwa Rwanda, inathibitisha hoja hiyo. Samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu hufinyangwa kuwa matuta, kisha hupakwa hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nguvu ya picha hutokana na mpambano wa mwanga na giza.

Hata hivyo, ulinganisho huu una mpaka. Kingo za imigongo ni kali na weupe wake hupakwa. Katika rangi za maji, weupe ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Bluu iliyokolea ikichanganywa na hudhurungi ya udongo uliochomwa huzaa kijivu cha wingu. Bluu ikizidi, hupatikana kijivu baridi cha maji ya mbali. Hudhurungi ikizidi, kijivu vuguvugu cha mvua juu ya milima. Rangi ya tatu, udongo wa manjano, hutosha kwa ukanda wa anga chini ya wingu. Wingu hupakwa karatasi ikiwa imelowa ili kingo ziyeyuke. Mawimbi ya karibu hupakwa ikiwa imekauka. Lakini mwanga unaopenya na kugonga maji huamuliwa kabla ya brashi kugusa karatasi, kwani ukifunikwa ni vigumu kuurejesha. Mchoraji asiyepanga mwanga hataokolewa na rangi tatu, wala na ishirini na nne.

Hoja hii inagusa sera. Rwanda ilianza mtaala unaozingatia umahiri mwaka 2015, na Kiswahili kikawa lugha rasmi mwaka 2017. Uwezo wa shule kufundisha uchoraji ukipimwa kwa idadi ya rangi kabatini, shule nyingi zitahukumiwa kwa kigezo kisichohusiana na umahiri. Inapendekezwa kwamba fedha chache zielekezwe kwanza kwenye karatasi imara inayostahimili maji, kisha kwenye rangi tatu. Kwamba mwanafunzi apimwe kwa mpangilio wa mwanga. Na kwamba istilahi kama kijivu baridi na kijivu vuguvugu ziingizwe katika vitabu vya kiada. Mwanafunzi atakayeweza kuzitaja tofauti hizo ataanza pia kuziona ziwani.