Prosesa Isiyojua Kujumlisha

Mwambie mwanafunzi wa kompyuta kwamba kuna prosesa isiyo na amri ya kujumlisha, atadhani unamtania. Prosesa nane za namna hiyo zimo ndani ya RP2040, chipu iliyotoka mwaka 2021 pamoja na Raspberry Pi Pico, kibao kilichouzwa dola 4. Kando ya prosesa mbili za kawaida za ARM, wabunifu waliweka mafungu mawili ya vijiprosesa vinne vinne, wakayaita PIO. Kila fungu linagawana nafasi ya amri 32 tu, na kila kijiprosesa kina rejista mbili za kufanyia kazi, X na Y.

Kazi ya kila kijiprosesa ni kupandisha na kushusha umeme kwenye pini kwa wakati wake hasa. Prosesa kubwa inaiweza, ila ikiitwa kwingine kidogo tu, mapigo yanapotea.

Ufundi umo katika biti 16 za kila amri. Biti 3 zinataja amri yenyewe. Hizo zinatosha majina 8, na amri ziko 9, kwa hiyo PUSH na PULL zikabanwa katika jina moja na kutenganishwa kwa biti nyingine. Ubahili huo wote, halafu biti 5 nzima zikaachiwa kusubiri na kugusa pini! Hapo ndipo nilipowavulia wabunifu kofia.

Chukua taa za WS2812, zinazopokea biti 800,000 kwa sekunde. Programu yake ni amri 4. Kila biti inapewa mipigo 10 ya saa: ikiwa 1, pini inakaa juu mipigo 7, ikiwa 0, mipigo 2. Amri ya kwanza peke yake inachota biti, inashusha pini na kungoja. Hakuna kitanzi cha kupoteza muda.

Ukilazimisha hesabu, inawezekana: geuza biti zote, punguza moja, geuza tena, umeongeza moja. Kujumlisha mamilioni kwa njia hiyo, nenda kanywe chai.

Kinachonikera ni zile nafasi 32, maana programu mbili za maana zinazijaza upesi. RP2350 ya mwaka 2024 ikaongeza fungu la tatu, vijiprosesa vikawa 12. Nafasi za kila fungu zikabaki 32.