Bure ya mnarani

Agosti 2018, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, iliwaambia Azam, DStv na Zuku waondoe ITV, Channel Ten, Star TV na wenzao kwenye ving'amuzi vyao. Kila anayechagua kifaa cha kuangalia televisheni ya bure nyumbani, awe Dar au huku Diaca, kaskazini mwa Msumbiji, bado anapiga hesabu iliyovurugwa siku zile. Uamuzi ulikuwa mbovu, na ubovu wake ni wa kiufundi kabla haujawa wa kisheria.

Hoja ya mamlaka mnaikumbuka. Wale watatu walikuwa na leseni za kulipia. Kurusha chaneli za bure, kwa minara, kulikuwa kazi ya Star Media, Agape wa Ting na Basic Transmissions wa Continental. Kwenye karatasi inakaa vizuri. Tena kilio cha mtazamaji kukatiwa chaneli ya bure eti kifurushi kimeisha kilikuwa cha haki kabisa, nami nimekipigia kelele miaka nenda rudi. Lakini anayefunga chaneli ya bure huamriwa aifungue. Hapa iliamriwa iondolewe, hata kwa yule aliyekuwa amelipa!

Sasa fuateni mawimbi. UHF ya mnarani husafiri moja kwa moja. Kilima kikikaa katikati, imekwisha. Na dijitali haina zile chenga za zamani ambazo mtu alizivumilia huku mtoto akizungusha antena nje: unaona safi au huoni kitu. Setilaiti haina shida hiyo. Azam wapo Eutelsat, nyuzi 7 mashariki, na dishi la Newala na la Diaca, ng'ambo ya Ruvuma, yanatazama pembe ileile ya anga. Yaani chaneli zilikwishapanda juu, zinamwagika hadi vijijini bila kusimamisha mnara hata mmoja wa ziada, halafu zikateremshwa. Aliyekaa chini ya mnara hakupoteza chochote. Aliyeumia ni wa mashambani, ambaye bure hii yote ilitetewa kwa jina lake.

Huku kwetu taarifa ya habari ya Tanzania ya saa mbili usiku huingia saa moja, kwa kuwa saa zetu ziko nyuma yao. Siku zile ikifika saa hiyo rimoti ikapita namba zilezile, skrini ikabaki nyeusi na maandishi katikati, fundi wa dishi akaitwa kukaza LNB isiyo na kosa lolote.

Sisemi kuhamia dijitali kulikuwa kosa: kuzima analojia kwa awamu, kuanzia Dar tarehe 31 Desemba 2012, kulifanywa vizuri. Lakini mnanijua: kila ukitajwa mfumo wa kurusha picha narudi Zanzibar, iliyorusha picha za rangi miaka ya 1970 wakati Bara ilisubiri hadi 1994. Kwa wazee wale wa TVZ, ukiwa na seti na antena umeona, basi. Hakuna aliyekuuliza picha imebebwa kwa leseni ya nani. Kenya nao walijua hatari ya ugomvi huu: Februari 2015 NTV, KTN na Citizen zilikaa gizani karibu wiki tatu, na moja ya mizozo ilikuwa hiihii ya nani abebe picha ya nani. Miaka mitatu baadaye jirani akarudia kosa kana kwamba hakuna aliyeona.

Pengo likajazwa na visanduku vya Android na vifimbo vya kuchomeka kwenye HDMI. Kwa ndugu zetu wa Muscat wenye intaneti ya waya isiyo na kikomo, ni kifaa kizuri. Kwa Diaca, hapana. Saa moja ya HD hula GB 2 hadi 3. Ukishusha picha hadi 480 bado nusu GB inakwenda, na bando ni la simu. Bure gani hiyo inayolipiwa kwa saa? Dishi halili bando, na king'amuzi kinachokubali volti 12 kinakaa kwenye betri ya sola bila matata.

Kwa hiyo usimuulize fundi king'amuzi kina chaneli ngapi. Mwambie akiwashe kwa kadi ambayo haijalipiwa, hapohapo mbele yako, kisha uzipite namba zote kwa rimoti. Akianza kusingizia mawingu, abebe dishi lake aondoke nalo.